Soko la Ntoto halikupata tribinali: kwa nini mikataba ya biashara huru ikataliwe

Mwanzoni mwa mwaka 1993, mambo mawili yalitokea katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. La kwanza lilitokea Kinshasa, mwishoni mwa Januari. Askari waliolipwa mishahara kwa noti mpya za zaire milioni tano, noti ambazo wafanyabiashara walikataa kuzipokea, waliingia mitaani na kupora maduka, depo na viwanda. Kati ya waliopoteza mali ilikuwa kampuni moja ya Kimarekani, American Manufacturing & Trading, iliyokuwa na kiwanda cha betri. Kiwanda hicho kilikuwa kimekwisha kuporwa mara ya kwanza Septemba 1991.

La pili lilitokea mbali na Kinshasa, kwenye mpaka wa teritwari za Masisi na Walikale. Tarehe 20 Machi 1993, wanamgambo walivamia soko la Ntoto na kuwaua raia waliokuwamo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iitwayo Mapping, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inasema waliouawa ni makumi, na huenda idadi yao ilifika 500. Baada ya Ntoto, moto ulienea katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, na hakuna jamii ambayo haikuzika watu wake.

Kampuni ya betri ilipeleka malalamiko yake kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha kesi za wawekezaji, kinachojulikana kwa jina la CIRDI, huko Washington. Tarehe 21 Februari 1997, miezi mitatu kabla ya Mobutu kuanguka, waamuzi watatu waliamua kwamba Zaire ilishindwa kulinda mali ya mwekezaji, na kwamba ilipe dola milioni 9. Familia za Ntoto hazikupata tribinali kama hiyo. Imepita zaidi ya miaka 30, na mlango wa kugonga bado haupo.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Iliandikwa katika karatasi. Tarehe 3 Agosti 1984, Zaire na Marekani zilisaini mkataba wa kulinda uwekezaji. Mkataba ulisema kwamba mwekezaji wa Kimarekani akidhurika, anaweza kuishitaki serikali nje ya mahakama za nchi, mbele ya waamuzi wa kimataifa. Haukusema lolote juu ya mama anayeuza mihogo sokoni. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja na mtu mmoja anayeamua. Raia hawakuulizwa. Lakini deni lilipokuja, lilikuwa deni la raia wote, hata la wale wa Ntoto, ambao hawakuwahi kuona hata betri moja ya kiwanda hicho ikirudi kwao kama faida.

Hicho ndicho kiini cha ubishi juu ya mikataba ya biashara huru na ya uwekezaji, na ndiyo sababu wakaaji wa Kivu Kaskazini wanapaswa kuifuatilia kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Mikataba hii huitwa ya biashara, lakini kurasa zake nyingi haziongelei bei ya maharage wala ya sabuni. Zinaongelea nani ana haki ya kushitaki, nani hana, na ni sheria zipi ambazo bunge la nchi halitaweza tena kuzibadilisha bila kulipa.

Siku hizi Kongo inasaini mikataba mingi. Tarehe 8 Aprili 2022, nchi ilisaini hati ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imeridhia pia eneo huru la biashara la bara la Afrika, ZLECAf. Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani huko Washington, na ndani yake mliwekwa ahadi ya mfumo wa kuunganisha uchumi wa kanda, hasa njia za madini. Tarehe 4 Desemba 2025, marais wa nchi hizo mbili walirudi Washington kuthibitisha, na siku hiyo hiyo Kongo ikasaini na Marekani ushirikiano wa kimkakati juu ya madini.

Mikataba hii haifanani. Mmoja unahusu duane, mwingine madini, mwingine amani. Kila mmoja una vipengele vyake, na vingine ni vizuri. Lakini yote inaulizwa swali moja: nani alikaa mezani?

Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, tume ya uchaguzi CENI haikuandaa kura Masisi wala Rutshuru, kwa sababu ya vita. Maana yake ni kwamba teritwari ya Masisi, ambamo mna machimbo ya koltani ya Rubaya, haikumchagua mbunge hata mmoja wa kuisemea katika bunge la taifa kwa muhula huu. Tangu tarehe 6 Mei 2021, jimbo zima liko chini ya utawala wa kijeshi, na bunge la jimbo limesimamishwa. Walikale ilipiga kura, lakini Machi 2025 vita vilifika hadi mji wake mkuu. Watu wanaoishi juu ya madini ambayo dunia nzima inayaongelea ndio wenye sauti ndogo kuliko wote katika kuyaamua.

Katiba ya Kongo haikunyamaza juu ya jambo hili. Kifungu cha 214 kinaagiza kwamba mikataba ya amani, mikataba ya biashara, na ile inayobana fedha za serikali au kubadilisha sheria, haiwezi kuridhiwa ila kwa sheria iliyopitishwa bungeni. Kifungu cha 215 kinaeleza kwa nini tahadhari hiyo ni ya lazima: mkataba ukisharidhiwa na kutangazwa, una nguvu kuliko sheria za nchi. Na kifungu cha 56 kinakwenda mbali zaidi. Kinasema makubaliano yoyote yanayowanyima taifa au watu njia zao za kuishi zitokazo kwenye mali asili ni kosa la uporaji.

Kwa hiyo katiba inajua kwamba uporaji unaweza kufanywa na askari mwenye bunduki, na unaweza pia kufanywa kwa kalamu. Kinachokosekana ni watu wa kuisimamia. Bunge linaloletewa mkataba uliokwisha kusainiwa mbele ya kamera huwa na njia mbili tu, kukubali au kuitia nchi aibu, na mara nyingi huchagua ya kwanza.

Upande wa hali ya hewa, jambo ni zito vilevile. Msitu wa bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua duniani, baada ya ule wa Amazon, na zaidi ya nusu yake iko katika Kongo ya Kinshasa. Walikale ni sehemu ya msitu huo. Mtu anayetoka Masisi, kwenye vilima vya malisho ya ng'ombe, akishuka upande wa Walikale, anaona miti ikizidi kukaribiana hadi anga linapungua. Msitu huo unashika kaboni, unaleta mvua inayonyesha kwenye mashamba ya maharage na mihogo, na unawalisha watu. Mwaka 2014, amri ya tarehe 2 Agosti iliruhusu jamii za wenyeji kupewa hati ya msitu wao, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Jamii kadhaa za Walikale zimepata hati hizo baada ya miaka ya kuchora ramani, kukaa na bami na kushawishi ofisi za jimbo.

Sasa chukua mfano. Tuseme kesho serikali inataka kulinda sehemu ya msitu huo kwa kukataza uchimbaji, au kuongeza kodi kwa anayekata miti, au kuzuia magogo mabichi yasitoke nchini. Mwekezaji mwenye mkataba wa kumlinda anaweza kusema kwamba amenyimwa faida aliyoitarajia, na akadai fidia mbele ya waamuzi wa kigeni. Jamii ya kijiji yenye hati ya msitu haina njia ya namna hiyo. Ikidhulumiwa, itaanza kwenye mahakama ya karibu, ambako huenda hakuna hakimu, na barabara ya kufika huko imekatika.

Hofu hiyo haikubuniwa na wanaharakati. Uholanzi, nchi tajiri yenye mawakili wengi, ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuacha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani RWE iliishitaki na kudai euro bilioni 1.4, kwa kutumia mkataba wa kimataifa wa nishati uliosainiwa Lisbon mwaka 1994. Kesi hiyo iliondolewa baadaye, lakini Ulaya ilijifunza. Umoja wa Ulaya ulijitoa katika mkataba huo, na kujitoa kwake kulianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, siku moja tu baada ya mawaziri wa Kongo na Rwanda kusaini karatasi zao Washington. Hata hivyo mkataba huo una kipengele kinachoendelea kuwalinda wawekezaji wa zamani kwa miaka 20 baada ya nchi kutoka. Mpiga kura wa Ulaya anaweza kubadilisha serikali yake mara nne au tano kabla kifungo hicho hakijaisha.

Kama mataifa yenye nguvu yanakimbia mikataba ya aina hiyo kwa sababu inazuia sheria za hali ya hewa, Kongo inaharakisha kuingia kwa faida ya nani?

Indonesia nayo ina somo. Ilikataza kusafirisha madini ghafi ya nikeli ili viwanda vijengwe nyumbani. Ulaya ikaishitaki katika Shirika la Biashara Duniani, na Novemba 2022 jopo la shirika hilo likaamua kwamba katazo hilo linavunja kanuni za biashara huru. Kongo inatumia silaha inayofanana na hiyo. Tarehe 22 Februari 2025, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 inatoa kobalti kwa viwango ilivyopanga yenyewe. Ni uamuzi wa nchi inayojaribu kuwa na neno juu ya mali yake. Kadiri Kongo inavyosaini ahadi za kufungua soko bila masharti, ndivyo uamuzi wa namna hiyo utakavyokuwa kesi.

Hata kodi ya madini iko kwenye mstari huo. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyorekebisha kodi ya migodi ilipandisha ushuru, na ikagawa mapato: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta na usheferi ambamo mgodi uko. Kwa Walikale, yenye mgodi mkubwa wa bati wa Bisie, asilimia hizo zinaweza kuwa zahanati au daraja. Wakati sheria hiyo inapitishwa, kampuni kubwa za migodi zilitishia kwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, zikisema ziliahidiwa kwamba sheria ya zamani haitabadilishwa kwa miaka 10. Serikali ilisimama. Je, ingesimama kama mkataba wenye nguvu kuliko sheria ungekuwa mezani?

Kuna wanaojibu kwamba biashara huleta amani. Wanasema watu wanaouziana hawapigani, na kwamba madini yakipita njia halali, bunduki zitanyamaza. Ni hoja ya kuheshimiwa, hasa ikitoka kwa watu waliochoka na vita. Lakini Ntoto yenyewe inaonyesha mpaka wa hoja hiyo. Soko la mpakani ni mahali ambapo jamii huuziana na kujuana. Mwaka 1993 watu waliuawa palepale sokoni. Biashara haikuwalinda, kwa sababu chini yake hapakuwa na haki juu ya ardhi, hapakuwa na mahakama, na hapakuwa na serikali iliyoulizwa na raia.

Miaka ya karibuni imerudia somo. Tarehe 19 Februari 2024, Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda maelewano juu ya madini muhimu. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, M23 ilichukua Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba si chini ya tani 150 za koltani zilivushwa kwa njia ya haramu hadi Rwanda mwaka huo na kuchanganywa na madini ya huko. Ilibidi kufika tarehe 13 Februari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka, ndipo Bunge la Ulaya likaomba maelewano hayo yasimamishwe. Karatasi ilitangulia, na ukaguzi ukafuata baada ya watu kulala nje.

Kuna jibu la pili, na hili linatoka kwa wenye shida ya kweli. Mama anayevuka mpaka wa Goma na Gisenyi kila asubuhi na beseni la nyanya anataka duane ipunguzwe. Mwenye chukudu anayeshusha viazi na jibini za Masisi anataka vizuizi vya njiani viondolewe. Wana haki kabisa. Lakini shida yao haihitaji mkataba unaomruhusu mwekezaji kuishitaki nchi. COMESA, ambayo Kongo ni mwanachama wake, ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Kinachotakiwa ni kuutekeleza, kulinda barabara, na kuwaondoa wanaotoza takse zisizo na risiti kwenye kila kizuizi. Kuwatumia mama hao kama sababu ya kusaini kurasa mia za haki za kampuni ni kuwavalisha wengine shati lao.

Wengine watasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mahakama yake Arusha, na raia wanaweza kwenda huko. Wanaweza, kwa karatasi. Mashirika ya raia yalikwenda Novemba 2020 kupinga bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga, yakitaja mazingira na hali ya hewa. Tarehe 29 Novemba 2023, mahakama ilitupa kesi hiyo kwa sababu ililetwa kwa kuchelewa: mkataba wa jumuiya unampa raia miezi miwili tu tangu jambo litendeke. Mkulima anayeamka na kukuta alama ya mradi shambani mwake anatakiwa awe amepata wakili, nakala ya mkataba na nauli ya Arusha ndani ya siku 60.

Kukataa kunawezekana, na majirani wamekwisha kuonyesha. Novemba 2016, bunge la Tanzania lilikataa kuridhia mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, kwa hofu kwamba viwanda vya nyumbani vitauawa na bidhaa za nje. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani walikuwa upande mmoja. Nchi haikufa. Kenya ilichagua njia nyingine na kusaini peke yake na Ulaya tarehe 18 Desemba 2023. Kila moja ina hesabu zake, lakini Tanzania ilithibitisha kwamba bunge linaweza kusema hapana na kesho yake jua likachomoza.

Kenya nayo inatoa mfano wa namna ya kujilinda. Kwenye kilima cha Mrima, Kwale, kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba madini mwaka 2013, na serikali ikaifuta mwaka huohuo. Kampuni ikadai takriban dola bilioni 2 huko CIRDI. Kenya ilishinda Oktoba 2018. Waamuzi waliona kwamba leseni ilipatikana bila kufuata sheria za mazingira, katika msitu uliokuwa umekwisha kutangazwa hifadhi. Sheria ya msitu ilikuwepo kabla ya mwekezaji, na ndiyo iliyoiokoa nchi. Nchi inayosaini kwanza na kutunga sheria za msitu baadaye haitakuwa na ngao hiyo.

Hapo ndipo masharti ya raia wa Masisi na Walikale yanapoanzia, na si makubwa. Mkataba wowote wa biashara, madini au uwekezaji usiridhiwe kabla maandishi yake yote hayajatolewa kwa Kifaransa, Kiswahili na lugha nyingine za taifa, na kusomwa redioni. Usiridhiwe juu ya mali ya teritwari ambayo haijapata nafasi ya kuchagua mbunge. Usiwe na kipengele kinachompa mwekezaji tribinali ya peke yake. Akidhurika, aende mahakama wanazokwenda wakaaji, na hapo ndipo atakapokuwa na sababu ya kutaka mahakama hizo ziwe safi. Hati za misitu ya jamii na sheria za hali ya hewa ziwe juu ya ahadi za biashara, na hilo liandikwe wazi. Na mkataba wa mwaka 1984, ulioizaa hukumu ya dola milioni 9, ufunguliwe upya au uvunjwe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afungiwe nje huku mgeni akipewa ufunguo wa nyumba. Mwekezaji anayekuja kwa nia njema hatapoteza kitu kwa masharti hayo. Anayekimbia kwa sababu yake atakuwa ameonyesha mapema alichokuja kutafuta.

Wale waliouawa Ntoto tarehe 20 Machi 1993 walikuwa wafanyabiashara pia. Walikuwa na mali sokoni, kama kampuni ile ya betri ilivyokuwa na mali Kinshasa, na waliishi chini ya serikali ileile iliyoshindwa kulinda. Mbunge yeyote atakayeletewa mkataba mpya wa kupigia kura aulize kwanza kama unawapa watu wa Ntoto haki ileile unayompa mgeni. Kama jibu ni hapana, kura yake inajulikana.